Neno "Pamoja" na Urithi wa Uenyeji: Mashindano ya Mpira katika Afrika ya Mashariki

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa wepesi: mgeni akifika hupikwa kilicho bora, na mwenyeji naye hula. Lakini msomaji akiyatazama maneno yenyewe ataona kwamba methali haikusema mwenyeji apate, wala ashibe, imesema apone. Kupona ni kuondokewa na jambo lililokuwa likimsumbua mtu tangu kabla mgeni hajabisha hodi. Basi nchi inapowaalika watu wa mataifa mengine waje kushindana katika viwanja vyake, swali la kwanza lisiwe mgeni ataacha fedha kiasi gani, bali ni maradhi gani ya mwenyeji yatakayopona, na kama yatapona kweli au yatafunikwa tu kwa muda wa sherehe.

Swali hili limewafikia wasemaji wa Kiswahili mlangoni mwao. Mnamo Septemba 27, 2023, wakuu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, walikutana Cairo wakazipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kombe hilo lilikuwa limepata kuandaliwa na nchi mbili kwa ushirika, kama Ghana na Nigeria mwaka 2000, lakini si nchi tatu. Nalo lilikuwa limechezwa Ethiopia na Sudan zamani, lakini halijapata kuletwa katika nchi hizi tatu. Kabla ya hilo kulitangulia mashindano mengine ya CAF, yale ya wachezaji wa ligi za ndani ya nchi zao yaitwayo CHAN, ambayo nchi hizo hizo ziliyaandaa tangu Agosti 2 hadi Agosti 30, 2025. Ombi la nchi tatu lilipelekwa kwa jina moja, na jina hilo ni neno la Kiswahili: Pamoja.

Neno hili lina mambo ndani yake. Mzizi wake ni -moja, na kiambishi chake ni pa-, cha ngeli ya mahali. Katika Kiswahili mahali hutajwa kwa namna tatu: pa- kwa mahali panapojulikana hasa, ku- kwa upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri, na m- kwa ndani. Kwa umbo lake, basi, walio pamoja ni watu waliosimama mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, kama watu waliozunguka sinia moja. Maana ya ushirika imezaliwa na maana hiyo ya mahali. Lakini mashindano ya mwaka 2025 hayakuchezwa mahali pamoja hata kidogo. Yalichezwa katika viwanja vitano: Kasarani na Nyayo mjini Nairobi, uwanja wa Benjamin Mkapa mjini Dar es Salaam, uwanja wa Amani mjini Unguja, na uwanja wa Mandela huko Namboole, kando ya Kampala. Mtu wa Unguja aliyeiona Sudan ikiifunga Nigeria mabao manne kwa bila pale Amani, kama alitamani kuiona fainali pia, alipaswa kuvuka bahari kisha kuvuka mpaka. Jina lilichaguliwa vyema, ila ni jina lenye madai: lataka mahali. Ikiwa mahali hapo si uwanja, wala si mji, wala si serikali, panapasa pawe pengine. Makala haya yanashikilia kwamba mahali hapo ni lugha, na kwamba katika yote watakayoachiwa watu wa Afrika ya Mashariki na mashindano haya, lugha ndiyo yenye gharama ndogo kuliko yote, tena ndiyo iliyo katika hatari kubwa ya kupotezwa.

Neno la pili la kupimwa ni urithi. Siku hizi kila mji unaoomba kuandaa Olimpiki au kombe kubwa hutakiwa kueleza utabakiwa na nini wageni wakiondoka, na katika Kiswahili jambo hilo limeitwa urithi wa michezo. Tafsiri hiyo si mbaya. Ila Mswahili alisikiapo neno hili hulisikia pamoja na sheria yake. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameizoea kwa karne nyingi, warithi hawagawani kitu kabla ya gharama za maziko na madeni ya marehemu kulipwa. Deni hutangulia, wasia hufuata, kisha ndipo mafungu. Wanaohubiri faida za michezo wangefanya vyema kuufuata utaratibu huo. Mji wa Montreal katika Canada uliandaa Olimpiki ya mwaka 1976, na deni la uwanja wake likalipwa hata mwaka 2006 ndipo likaisha; mtoto aliyezaliwa mwaka wa michezo alikwisha kuwa mtu mzima wa miaka 30, na huenda alikuwa akichangia kwa kodi yake kulipia sherehe asiyoikumbuka.

Wachumi waliochunguza mashindano makubwa wengi wao wamefikia neno moja, kwamba faida halisi huwa chini ya ile iliyotabiriwa. Andrew Zimbalist wa Marekani ametunga kitabu kizima juu ya jambo hili, Circus Maximus, kilichotolewa mwaka 2015, akionyesha kwamba mji unaoandaa Olimpiki au Kombe la Dunia hucheza kamari. Sababu si ngumu kufahamika. Mkazi wa Dar es Salaam anayelipa kiingilio cha mpira, fedha hiyo angeitumia kwa jambo jingine mumo humo mjini. Haikuongezeka, imehama tu kutoka kibanda kimoja kwenda kingine. Vyuma, viti na taa za uwanja aghalabu hununuliwa ng'ambo, na mkandarasi mkubwa mara nyingi hutoka ng'ambo vilevile. Fedha iliyo mpya kwa hakika ni ile iletwayo na mgeni kutoka nje, tena ikibaki nchini.

Iko hata hivyo faida moja isiyotajwa sana, nayo ni tarehe. Serikali yaweza kuahirisha barabara au hospitali mwaka hata mwaka, na hapana atakayepuliza kipenga. Lakini siku ya mechi ya kwanza ikiwa imetangazwa kwa bara zima, kazi hufanywa usiku na mchana. (Hata tarehe yenyewe huweza kusogezwa: mashindano ya CHAN yalikuwa yachezwe Februari 2025, yakapelekwa Agosti kwa sababu matayarisho hayakuwa tayari.) Afrika ya Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia la mwaka 2010, sehemu ya kwanza ya reli ya Gautrain, iunganishayo uwanja wa ndege wa Johannesburg na mtaa wa Sandton, ilifunguliwa siku tatu tu kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Reli hiyo ingali ikichukua watu kazini. Viwanja kumi vya mashindano hayo havikuwa na bahati sawa. Baadhi yake, kama ule wa Cape Town, vimekuwa mzigo kwa hazina za miji yao, kwa kuwa uwanja wa watu makumi elfu hauwezi kulipiwa na mechi za watu elfu tatu.

Mwanafunzi wa lugha atakumbuka kitu kingine kilichobaki baada ya mwaka 2010, kisichohitaji rangi mpya wala mlinzi. Ni neno vuvuzela. Kabla ya mwaka huo lilijulikana na wapenda mpira wa Afrika ya Kusini. Mwaka ule ule likatiwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ya juzuu moja. Katika Kiswahili lilipokelewa bila kubadilishwa hata herufi, kwa sababu silabi zake zote zilikwisha kuwa za Kiswahili, na masikioni mwa Mswahili laingia kama jamaa wa kitenzi chake mwenyewe, vuvia. Lugha za Kibantu za kusini hazikupangiwa fungu lolote katika hesabu za Kombe la Dunia, lakini zilitoa neno lililozunguka dunia nzima kwa mwezi mmoja.

Afrika ya Mashariki ina historia yake katika jambo hili, nayo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni yenye jina hilo. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Msomaji wa jarida kama hili hataacha kutambua orodha hiyo ya nchi nne. Ndizo zile zile zilizounganishwa katika Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mpira na lugha vilianza kuwekewa kanuni za pamoja katika miaka ile ile, chini ya tawala zile zile, na kwa sababu zinazofanana: nchi jirani haziwezi kucheza bila kanuni moja, wala kuchapisha vitabu vya shule bila tahajia moja. Kamati ile, kama kombe, haikukaa kwa mwenyeji mmoja. Ilianza Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, ikaenda Makerere mwaka 1952, ikapita Mombasa, mpaka mwaka 1964 ilipoingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaweza kusemwa kwamba uenyeji wa zamu ulijaribiwa kwa lugha kabla ya kujaribiwa kwa viwanja vikubwa, nao ulizaa matunda: tahajia ile iliyokubaliwa ndiyo inayosomwa hapa.

Uenyeji wa mashindano ya bara zima ulikuja baadaye. Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Nne ya Afrika Nzima, na kwa ajili yake kikajengwa, kwa msaada wa China, kituo cha michezo cha Kasarani, chenye uwanja wa watu 60,000. Kenya ilifika fainali ya mpira wa miguu ikafungwa na Misri bao moja kwa bila. Bao lile limekwisha kuwa hadithi ya wazee, uwanja umebaki. Mwaka 2017 vijana wa dunia wasiotimiza miaka 18 walikimbia humo kushindania ubingwa wa riadha, na mwaka 2021 wale wasiotimiza miaka 20. Agosti 30, 2025, Morocco iliishinda Madagascar humo mabao matatu kwa mawili katika fainali ya CHAN. Ukihesabu hivyo, Kasarani ni urithi ulioshika.

Lakini kuna upande wa pili wa hesabu. Kenya ilikuwa imepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa la mwaka 1996, ikanyang'anywa, na kombe likachezwa Afrika ya Kusini. Ikapewa CHAN ya mwaka 2018, ikanyang'anywa Septemba 2017 kwa kutokuwa tayari, na mashindano yakapelekwa Morocco. Na mwaka 2024, ilhali imekwisha kukabidhiwa uenyeji wa mwaka 2027, timu yake ya taifa ilicheza mechi za nyumbani ugenini, Lilongwe katika Malawi na Namboole katika Uganda, kwa sababu hapakuwa na uwanja mmoja nchini uliokubaliwa na CAF. Katika Kiswahili maneno mwenyeji na mgeni hayawezi kukaa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka ule yalikaa. Uganda nayo ilikuwa imepitia masaibu hayo hayo kabla Namboole hakujatengenezwa upya. Hayo ndiyo maradhi ambayo mgeni alialikwa ayaponye, na kwa kadiri fulani ameyaponya: kufikia Agosti 2025 nchi zote tatu zilikuwa na viwanja vinavyokubalika. Kama vitaendelea kukubalika ni habari ya mafundi wa nyasi na mabomba, watu wasiokatiwa utepe.

Mwezi ule wenyewe ulikwenda vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Tanzania ilifungua kwa kuishinda Burkina Faso mabao mawili kwa bila. Kenya, iliyokuwa haijapata kushiriki mashindano hayo, iliongoza kundi lake mbele ya Morocco yenyewe. Timu zote tatu za wenyeji zilifika robo fainali, na zote tatu zikatolewa hapo hapo: Kenya na Madagascar, Tanzania na Morocco, Uganda na Senegal. Watu walijaa Kasarani hata wakapita kiasi, CAF ikalazimika kupunguza idadi ya tikiti. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba watu hao, walipokwisha kutolewa, hawakuuacha mpira. Na wakati mechi zilipohamia mji mwingine, walizifuata kwa masikio.

Hapo ndipo lugha inapoingia, kwa kuwa mashindano yaliyogawanywa katika miji minne huwaunganisha watu kwa njia ya mtangazaji. Mpira una msamiati wa Kiswahili ulio tajiri, na utajiri huo haukutungwa na kamati. Umetungwa na watangazaji na waandishi wa magazeti waliohitaji neno sasa hivi, kabla mpira haujatoka nje. Baadhi yake ni mikopo iliyovikwa nguo za Kibantu: kona, penalti, beki, winga, kocha, kipa, refa. Haya yanayotaja watu huchukua wingi wa ma-, kisha hushika upatanisho wa viumbe hai: makipa hawa wamefungwa, wala si makipa haya yamefungwa. Kanuni hiyo haikufundishwa shuleni kwa mifano ya mpira, lakini mashabiki hawaikosei.

Yenye kupendeza zaidi ni maneno yaliyotolewa ndani ya lugha yenyewe. Ukiyakusanya utaona kwamba mpira wa Waswahili huchezwa shambani, baharini na barazani. Ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mlimaji amalize kwa siku; kwa mwandishi wa michezo ngwe ya kwanza ni kipindi cha kwanza. Matuta ni udongo ulioinuliwa ili kupandwa viazi. Timu zikitoka sare hupigiana matuta. Mkwaju ni mti unaozaa ukwaju, na pia ni fimbo. Nao umekuwa pigo la penalti. Nyavu ni za mvuvi, nazo hutikiswa na mfungaji. Bao limetoka katika mchezo wa kete. Na mchezaji anayesimama nyuma ya mabeki kabla mpira haujapigwa, jambo ambalo katika lugha nyingi za Ulaya hutajwa kwa neno la mahali, Waswahili husema ameotea, yaani amefanya kama mwindaji ajifichaye akivizia mnyama. Neno hilo lina hukumu ndani yake. Halisemi tu mchezaji yuko wapi. Lasema alikuwa na nia gani, na refa akipandisha mkono, uwanja mzima umekwisha kumtia hatiani.

Msamiati huu hauko sawa kila pahali. Magazeti ya Kenya hupenda uga mahali ambapo Mtanzania husema uwanja, na tikiti mahali pa tiketi, ingawa tikiti kwa mtu wa Dar es Salaam ni tunda la kuliwa wakati wa joto. Kenya hulinda lango na Tanzania hulinda mlango. Neno dimba kwa mwandishi wa Nairobi aghalabu ni mashindano yenyewe, na kwa wa Dar es Salaam dimbani ni pale wachezaji wanapokanyaga. Tofauti hizi si ugonjwa, wala hapana haja ya kuzifuta kwa amri. Kila lugha iliyoenea ina za kwake. Ila mfasiri wa kanuni, mwandika matangazo ya usalama na mkufunzi wa waamuzi wanahitaji kujua kila neno lasemwaje kila upande, na kwa kazi hiyo mashindano ya pamoja ni shule bora kuliko mkutano wa wataalamu, kwa sababu msikilizaji wa Arusha akimsikia mtangazaji wa Nairobi hulielewa neno geni kwa kuuona mpira ulipo.

Majina ya timu nayo yana la kusema. Kenya ina Harambee Stars, na Tanzania ina Taifa Stars. Katika kila jina neno moja ni la Kiswahili na moja la Kiingereza, lakini si nusu kwa nusu: mpangilio wote ni wa Kiingereza. Neno la Kiswahili limetangulizwa kama kivumishi cha Kizungu, ambapo Kiswahili kingesema nyota wa taifa. Kiswahili kimepewa kazi ya pambo, na sarufi imebaki kwa mwingine. Hofu iliyopo ni kwamba jina Pamoja litafuata njia hiyo hiyo, likae kifuani mwa fulana na katika mabango, ilhali mikataba, mafunzo ya watu wa kujitolea, maelekezo ya milangoni na makaratasi ya ofisi vyote vinafanywa kwa lugha nyingine.

Uganda ndiko ambako jambo hili lina uzito zaidi. Huko Kiswahili kimetangazwa mara nyingi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia tena kiwe lugha rasmi. Matangazo hayakupungua, kilichopungua ni nafasi ya kukisema. Kwa raia wengi wa kizazi kilichopita, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kizuizini, na lugha iliyosikiwa kwa hofu haipendwi kwa sheria. Uwanja wa mpira wafungua mlango mwingine. Mganda anayesema mupiira kwa Luganda haoni ugeni kusikia mpira, na mtu aliyekaa karibu na shabiki wa Kenya kwa dakika tisini hujifunza namna ya kulalamika, ambayo ndiyo sarufi ya kwanza ya ujirani. Kama maelekezo ya Namboole, na ya uwanja mpya wa Hoima huko Bunyoro uliojengwa kwa ajili ya mwaka 2027, yataandikwa kwa Kiswahili pia, watoto wa huko watakisoma kwa mara ya kwanza mahali ambapo hapana bunduki wala mtihani.

Miji iliyo nje ya makao makuu ndiyo yapasayo kutazamwa, kwa kuwa huko tofauti kati ya kabla na baada huonekana wazi. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zingekua hata bila mpira. Hoima na Arusha zimepewa viwanja ambavyo zisingepewa, na kwa hiyo ndizo zitakazokuwa na kazi kubwa ya kuvijaza watu mashindano yakiisha. Arusha ina hoteli, watalii na makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki; Hoima ina mafuta yake na barabara mpya, na uwanja wa watu 20,000. Nairobi nayo imejichukulia mzigo wa namna nyingine katika uwanja wa Talanta, ambao fedha zake, zaidi ya shilingi bilioni 44 za Kenya, zimetafutwa kwa kukopa katika soko la hisa. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watakumbuka kwamba talanta ni kipimo cha fedha alichokabidhiwa mtumishi, na kwamba bwana wake alirudi kudai hesabu. Maana ya kipaji, iliyo vinywani mwa vijana leo, yatokana na mfano huo huo. Jina la uwanja limebeba maana zote mbili.

Unguja ina hali ya peke yake. Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF Machi 2017, ikaondolewa Julai mwaka ule ule, na kwa hiyo uwanja wa Amani ulikuwa mwenyeji bila timu yenye jina la wenyeji wake. Wachezaji wa visiwani huchezea Taifa Stars. Lakini kwa upande wa lugha Unguja ndiyo iliyotoa lahaja ya msingi, na huko ndiko iliko Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Chombo hicho, pamoja na BAKITA lililoundwa mwaka 1967, na BAKIZA, vina uwezo wa kutoa kwa pamoja kitabu kidogo cha msamiati wa mpira chenye safu tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, bila kuhukumu safu ipi ndiyo sahihi. Gharama yake isingefikia bei ya lango moja la chuma la uwanja wa Talanta.

Kazi nyingine ni ya vyuo, nayo haiwezi kungoja. Maneno kama ngwe, matuta na otea yalizaliwa vinywani mwa watu waliokuwa wakitangaza mpira, na hapana kitabu kinachoonyesha siku ya kuzaliwa kwao, kwa sababu sauti zilikwenda na upepo. Mashindano ya nchi tatu huwaweka watangazaji wa Kiswahili wa pande zote juu ya mechi ile ile kwa saa ile ile. Mchunguzi wa lahaja hapati kipimo kama hicho mara mbili katika maisha yake: tukio moja, bao moja, na sentensi tatu tofauti zilizotungwa bila kushauriana. Kinachotakiwa ni kunasa sauti hizo, kuziandika neno kwa neno, na kuziweka mahali ambapo mwanafunzi wa Kampala na wa Dodoma wataweza kuzifikia. Mahali pa kuanzia ni kanda zozote zilizosalia za Agosti 2025 katika vituo vya utangazaji vya miji minne ile, kabla hazijafutwa ili kupisha vipindi vingine.